Nilivyokuomba kwa Mjomba

Bakari mwanangu,

Barua ninazoandika kila siku huanza na anwani upande wa kulia, kumbukumbu namba upande wa kushoto, na chini yake "Ndugu" au "Mheshimiwa" kutegemea ukubwa wa kiti cha anayeandikiwa. Hii haina anwani. Wewe mwenyewe uko hapa hapa mjini, umekwenda Ufukoni kuwaaga wenzako, na begi lako liko sebuleni limejaa mpaka zipu inalia. Mimi nipo dukani. Nimeegesha mlango nusu ili wateja wadhani nimekwenda kuswali alasiri. Nimeshaswali. Naandika kwa mkono, kwa kalamu ya bluu, mimi ambaye kwa miaka ishirini na miwili nimechapa barua za watu wengine, na naona mwandiko wangu umeharibika kabisa. Nivumilie.

Habari za chandarua, za sweta kwa ajili ya baridi ya Dodoma, za kutoonyesha simu ovyo stendi, baba yako ameshakuambia mara nne na kesho atakuambia ya tano. Sitaziongeza. Nina jambo moja tu. Limenikaa kooni miaka kumi na saba, na nisipolisema leo utaondoka na kinyongo juu ya mtu asiyekistahili. Mtu huyo ni Mama Mkubwa Somoe, dada yangu, aliyekuzaa.

Kwamba yeye ndiye aliyekuzaa unajua, hatukukuficha hata siku moja. Usilolijua ni jinsi ulivyotoka mikononi mwake ukafika kwangu. Na ili nikueleze vizuri inabidi nianze na Kiingereza. Usicheke. Najua unavyonitania mbele ya rafiki zako kwamba mama yako anakijua Kiingereza cha kuomba tu, cha kugombana hakijui. Ni kweli. Nimekisoma kwenye barua za maombi, sikukisoma pengine popote.

Nilipoanza kazi hapa, duka lilikuwa la Bwana Nangumi, karani mstaafu, mtu mwembamba mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama ya Kiingereza ambayo sitaitaja kwenye barua yenye heshima zake. Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mmoja aliyetaka uhamisho awe karibu na mumewe. Nikaiandika nilivyoona mimi: nataka unihamishe. Bwana Nangumi akaisoma, akavua miwani, akaniuliza, "Binti, huyu mwalimu anaomba uhamisho au anamkaba mkurugenzi koo?"

Akachukua karatasi, akanichorea ngazi. Chini kabisa: nipe. Juu yake: utanipa? Juu yake: ungenipa? Juu tena: ningeshukuru kama ungeweza kunipa. Akaandika kwa Kiingereza pembeni, "I would be grateful if you could", na mpaka leo hayo ndiyo maneno ambayo vidole vyangu vinayaandika vyenyewe hata nikiwa nasinzia. Nikatazama ile ngazi muda mrefu. Niliona kwamba kila unapopanda kitenzi kinarudi nyuma. "Can" inakuwa "could", "will" inakuwa "would", na ngazi ya juu kabisa kitu kizima kimeshahamia jana: "I was wondering", nilikuwa najiuliza.

Nikamwambia, "Bwana Nangumi, huyu mwalimu anataka kuhama mwezi ujao. Jana imeingiaje hapa?"

"Sijui," akasema. "Ndivyo tulivyofundishwa. Chapa."

Nikachapa. Lakini swali halikutoka. Nilichapa barua za wavuvi wa Mnazi Bay, za wakulima wa korosho, za wajane, za vijana waliotaka kazi kwenye gesi, watu ambao hawajatamka neno moja la Kiingereza tangu wazaliwe, na wote waliweka sahihi au dole gumba chini ya maneno yaliyokwenda kusimama jana ili kuomba jambo la kesho. Nilikuwa nashangaa kila siku. Nilijiuliza ni nani huko kwao aliyekaa chini akaamua kwamba ukitaka kuomba vizuri, urudi nyuma kidogo kwanza. Wenyewe nadhani hawakumbuki.

Siku moja mzee mmoja wa Mnazi Bay, aliyekuwa akimwombea mwanawe kazi ya ulinzi, alinitaka nimfasirie kila mstari. Nikamwambia hapa umesema ungeshukuru kama wangeweza kumfikiria. Akaruka. "Wangeweza? Si wanaweza! Wana geti pale, wana nyumba ya nlinzi, wanashindwa nini? Waambie wanaweza!" Kwa kuwa kulikuwa na foleni, nikamjibu harakaharaka ili aondoke. Nikamwambia, mzee, ukimwambia mtu kwamba anaweza, umeshamziba njia. Akikataa itakuwa ni roho mbaya. Ukisema kama angeweza, umemwachia pa kupitia, na mtu aliyeachiwa pa kupitia husikiliza kwa utulivu. Mzee akaniangalia, akasema, "Haya, waachie wapite," akabonyeza dole gumba. Mimi nikaita mteja mwingine. Nilikuwa nimelijibu swali langu mwenyewe na sikujua.

Sasa nije kwetu Kitaya.

Nilikuwa nimekaa kwenye ndoa miaka saba. Mimba mbili zilitoka, ya pili ikiwa na miezi mitano, na baada ya hapo hakikutokea kitu. Watu wa mjini walikuwa waungwana, hawakusema. Lakini mtoto wa jirani akilia nilikuwa nafunga dirisha. Nikichapa barua ya likizo ya uzazi nilikuwa nakosea tarehe. Nilikuwa na wivu, mwanangu, sina neno zuri zaidi, na mtu niliyemwonea wivu kuliko wote ni dada yangu, ambaye alikuwa na watoto wanne, na wa mwisho ulikuwa wewe. Ulikuwa na miaka mitatu, umeshaachishwa ziwa, una tumbo na maneno mengi.

Unajua desturi yetu. Asiye na mtoto huomba wa nduguye akamlea, na hakuna anayeshangaa. Mimi mwenyewe niliishi kwa shangazi miaka miwili. Si wizi. Lakini ina mwendo wake. Unamwendea kwanza mama wa mtoto, peke yenu, jikoni, mkichambua mboga. Unalisema mara moja tu, tena kwa mbali, kisha unaondoka na unaacha miezi ipite. Akilirudia yeye, mtaongea. Akinyamaza, ndiyo jibu, na mtaendelea kupendana kama kwamba halijasemwa.

Mimi nilikwenda jikoni kwa Somoe mara tatu na mara zote tatu nikachambua mboga nikarudi. Nilijua angesema hapana. Ulikuwa huwezi kulala bila kushika sikio lake. Nilikuona kwa macho yangu, umelala mkekani mchana, yeye ameinama juu yako mgongo unamuuma, hathubutu kunyanyuka. Mtu anayeinama hivyo hatoi.

Basi nikamwendea mjomba. Kwetu, mjomba akishasema, hata baba wa mtoto hukaa kimya, na Mjomba Rajabu alikuwa mjomba hasa, sauti yake ilisikika ng'ambo ya mto. Nilimpelekea sukari kilo mbili na doti ya kanga kwa mkewe. Nikapiga magoti. Bakari, laiti ungenisikia nilivyoomba! Nilisema kwa unyenyekevu, nilisema kama nitakuwa nimekosea anisamehe, nilisema mimi ni mtoto wake na sina pengine pa kulilia. Maneno yote ya adabu niliyojifunza hapa dukani niliyageuza Kiswahili nikamwaga pale. Mjomba akafuta macho. Akasema hilo dogo, nimwachie yeye.

Njiani baba yako akaniuliza, "Umemwuliza dada yako?"

Nikasema, "Mjomba amekubali."

"Sikuuliza mjomba," akasema. Halafu akanyamaza, na kwa kunyamaza kwake huko nimemlaumu kimoyomoyo miaka mingi, kana kwamba yeye ndiye aliyepiga magoti.

Ilikuwa arobaini ya babu yako. Uwanja ulijaa. Hitma ikasomwa, dua ikaombwa, sinia zikatoka. Watu walipokuwa wananawa mikono, Mjomba Rajabu akasimama. Nakumbuka neno kwa neno. "Jamani, nkubwa wetu ametangulia, lakini ukoo haujafa. Ntoto wetu mmoja, huyu Esha wa Ntwara, hajajaliwa bado. Basi mimi, kwa heshima na taadhima, mbele ya wakubwa hawa, ninamwomba Somoe ankabidhi nduguye huyu ntoto wake mdogo, Bakari, akanlee. Nami naamini Somoe hana neno."

Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Somoe alikuwa amesimama kando ya sufuria la wali, upawa mkononi, kanga ya kilemba imemlegea. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia mjomba, kisha akatazama ndani ya sufuria kana kwamba kuna kitu kimeungua, akasema, "Sina neno, mjomba."

Watu wakasema mashaallah. Mama mmoja akanikumbatia. Na mimi nikafurahi, mwanangu. Huu ndio ukweli ninaoutaka uubebe pamoja na huo mwingine: nilifurahi, nikapokea pongezi zote.

Dada yangu aliomba kitu kimoja tu, siku moja zaidi, nguo zako zikauke. Zilikuwa kavu na safi, nilizishika mwenyewe. Akazifua tena. Asubuhi yake akakubeba mgongoni mpaka barabarani, ingawa wewe ulikuwa umeshakuwa mtoto wa kukimbiza kuku. Gari lilipoonekana akakushusha, akanitia mkononi kifundo cha kanga chenye hirizi uliyovishwa kitovu kilipodondoka, akaniambia, "Analala ameshika sikio la mtu. Usiutoe mkono wake. Atauachia mwenyewe." Akageuka akaenda. Hakungoja gari liondoke. Nikamshukuru Mungu kwamba hakungoja, kwa sababu niliogopa ungelia, na ukilia angekurudia.

Ulishika sikio langu kabla hatujafika mjini. Nilikaa shingo imepinda njia nzima. Sikuutoa mkono wako.

Miaka minne baadaye, Desemba, Somoe alikuja hapa mjini. Alileta muhogo nusu gunia na kambale wa kukausha. Alishinda nasi kutwa nzima. Alikuwa amekusukia kofia ya ukindu ambayo ilikuwa ndogo, maana kichwa alichokikumbuka kilikuwa cha miaka mitatu, na wewe ukacheka ukakimbilia nje. Hakusema kitu mpaka jioni, tulipokuwa mlangoni, amekwisha kuvaa viatu.

"Mdogo wangu," akasema, "nilikuwa nauliza. Kama isingekuwa shida, Bakari angekuja msimu huu akaokote korosho na wenzake. Wiki mbili tu. Lakini najua ana shule."

Shule zilikuwa zimefungwa. Somoe anajua shule hufungwa Desemba, ana watoto watatu nyumbani. Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua. Alikuwa ameomba, na papo hapo akanitengenezea sababu ya kukataa, akaniwekea mkononi, ili nikitaka niitumie na tusigombane.

Nikaitumia. Nikasema, "Ndiyo, dada, ana shule."

"Sawa," akasema. "Nilikuwa nauliza tu." Akanipa mkono, akaenda zake.

Kesho yake nilikuwa na barua ya kuchapa ya kijana mmoja aliyeomba nafasi ya mafunzo. Nikafika pale pa kawaida, nikaandika "I was wondering", na vidole vikasimama. Nilikuwa najiuliza. Nilikuwa nauliza. Nikavuta kiti nyuma. Bwana Nangumi akadhani umeme umekatika.

Sijui kama nitaweza kukueleza nilichokiona. Dada yangu aliishia darasa la nne. Kiswahili chenyewe alijifunza shuleni, nyumbani tulisema Kimakonde. Hajawahi kuona barua ya ofisini. Na alikuwa amesimama mlangoni kwangu akafanya kile kile ambacho mtu wa ng'ambo, asiyemjua, asiye na lugha moja naye wala dini moja, alikifanya zamani huko kwao. Alilipeleka ombi lake jana. Kwa nini jana? Kwa sababu jana imekwisha. Nikikataa, nimekataa kitu kilichokwisha, hakuna aliyeshindwa, hakuna aliyekuwa na roho mbaya, dada ataondoka na heshima yake na mimi nitabaki na yangu. Jana ndipo mahali pekee ambapo ombi linaweza kufa bila kilio. Watu wa bahari mbili tofauti wamepaona mahali hapo hapo. Nilikaa pale kwenye kiti, Bakari, barua ya yule kijana haijaisha. Nilihisi kama nimefunuliwa kitu ambacho sikustahili.

Na baada ya mshangao ikaja aibu. Maana niliyakumbuka maneno ya mjomba pale uwanjani. Yalikuwa ya adabu kuliko ya Somoe. Yalikuwa na heshima na taadhima ndani yake. Ningeyafasiri kwa Kiingereza, yangepanda ngazi ya Bwana Nangumi mpaka juu kabisa. Lakini hayakuwa ombi. Uwanja ulikuwa umejaa na njia zote zimezibwa. Ndipo nikaelewa kwamba ile ngazi inaweza kudanganya. Mtu anaweza kukuomba kwa "ningeshukuru kama" huku amekushika ukosi, na mwingine akakuambia "lete" huku akiwa radhi kabisa usilete. Kinachopima ni kama anayeombwa anaweza kusema hapana na kesho mkasalimiana. Mimi nilimwomba dada yangu kwa maneno mazuri kuliko yote niliyopata kuyasema, na sikumwachia hata tundu la panya.

Utadhani siku ile ile nilikupakia gari la Kitaya. Sikufanya hivyo. Niliogopa. Nilisema mwaka ujao. Mwaka uliofuata Somoe hakuuliza tena.

Halafu ukafika darasa la sita. Ulirudi kutoka shule siku moja, hukuvua hata viatu, ukaniuliza kwa nini Mama Mkubwa alikugawa wewe na si wenzako watatu. Nikasema alikupenda, alitaka usome mjini. Ukasema, "Ukimpenda mtu humgawi." Nilikuwa nasonga ugali. Niliendelea kusonga. Ugali ulikuwa umeshaiva zamani na mimi nilisonga tu, kwa sababu nikiacha ningelazimika kugeuka.

Ningesema pale pale, wewe hukugawiwa, uliombwa vibaya. Sikusema. Kosa la kwanza nililifanya kwa njaa ya mtoto na labda Mungu atanisamehe. Hili la pili nililifanya nikiwa nimeshiba. Nilikuona unamchukia kidogo kidogo, na niliona jinsi hiyo chuki inavyokuleta karibu nami, nikaiacha. Idd ukienda Kitaya unampa mkono unatoka nje. Chakula chake unakionja. Na yeye hajaniuliza hata siku moja nimekuambia nini. Husema tu, "Anakua. Wavulana ndivyo walivyo."

Wiki iliyopita alinipigia simu. Nitakuandikia alivyosema, kwa sababu mimi nilikufikishia nusu.

"Mdogo wangu, nilikuwa nauliza. Bakari anaondoka siku gani?"

"Alhamisi, dada."

"Nilikuwa nawaza ningekuja stendi. Si kwa ajili ya kunsumbua. Ningekaa tu pale wanapouza korosho, ninwone akipanda. Hata asijue kama nipo."

Nilipokuambia kwamba Mama Mkubwa anafikiria kuja stendi, ulisema, "Aje tu, stendi si yangu," ukarudi kwenye simu yako. Sikulaumu. Ulijibu kwa unachokijua, na unachokijua nilikufundisha mimi kwa kunyamaza. Lakini tangu siku ile nimeharibu barua tatu za wateja, na leo nimeamua duka lifungwe nusu.

Sasa unajua. Mama Mkubwa Somoe hakukugawa. Aliulizwa mbele ya watu mia jambo ambalo halikuwa swali. Kama kuna wa kukasirikiwa ni mimi. Nami nitakuambia wazi, naogopa. Naogopa ukimaliza kusoma karatasi hizi utaniona mwizi, na utakwenda Dodoma na mimi ndiye utakayempa mkono na kutoka nje siku za Idd. Nimelifikiria hilo wiki nzima. Nikaona afadhali unikasirikie mimi kwa kweli kuliko unipende kwa uongo. Usidhani imekuwa rahisi.

Huko uendako utaombwa na utaomba. Utaomba nafasi, utaomba kusomeshwa, siku moja utaomba mke. Sitakufundisha maneno, unayo, tena mazuri kuliko yangu. Ila ukishaomba, mwangalie uliyemwomba usoni. Kama huoni mlango nyuma yake, rudi ukamfungulie. Mimi sikuangalia. Niliangalia sufuria, kama yeye.

Nina ombi langu mwenyewe. Nimeliandika mara nyingi upande wa nyuma wa karatasi mbovu hapa. La kwanza lilisema, "Kesho ukamsalimie Mama Mkubwa, ndiye mama yako." Nikalikata, ni amri. La pili lilisema, "Kama unanipenda, utamwendea." Hilo nililichana kabisa, lilikuwa Mjomba Rajabu mtupu. Hili la tatu ndilo ninalolileta:

Ningeshukuru kama ungemwendea.

Yuko mjini tayari. Amekuja leo asubuhi na gari la Kitaya. Nilimsihi alale kwetu, chumba kipo, akakataa, amekwenda kulala kwa watu wa Kitaya waishio hapa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Akinikuta sebuleni atalazimika." Miaka kumi na saba, amenyang'anywa mbele ya uwanja mzima, na bado anakulindia nafasi yako ya kukataa kuliko anavyolinda nafasi yake ya kukuona. Mimi sijui mtu anaupata wapi moyo wa namna hiyo. Nimeishi naye, nimekula naye sahani moja, na sijui.

Atakuwa pale wanapouza korosho, amevaa kanga nyekundu ya zamani. Hatakuita. Hatapunga mkono. Ukipanda basi bila kumwendea atarudi Kitaya, na msimu ujao atasema wavulana ndivyo walivyo. Mimi pia sitakuuliza, wala baba yako hatakusukuma, nimeshaongea naye. Ukiona bado hujaiva, au una hasira na sisi sote wawili, panda. Nitakupigia ukifika kama kawaida, niulize kama umekula.

Na ukimwendea ukakosa la kusema, usihangaike. Mkono wako ulilijua sikio lake kabla ya langu.

Nitakupa barua hii ukirudi kutoka Ufukoni, kabla ya chakula, nami nitatoka nikae kwa jirani ili usome peke yako. Mjomba Rajabu, Mungu amrehemu, hayupo. Hata angekuwepo, mwanangu, safari hii nisingemtuma. Nimekuja mwenyewe, na mlango nimeuacha wazi.

Mama yako,
Esha